Safu ya Akina Baba

Siku ya kwanza ya muhula, kabla hata sijaita majina, huwa nawaambia: "Humu ndani hakuna anayejua kompyuta. Anayedhani anajua, mlango ule pale." Hatoki mtu. Wanacheka tu, wanadhani Mwalimu Asnakech anatania. Wiki ya pili ikifika hakuna anayecheka.

Si kwamba ni wajinga. Ni wanafunzi wa historia, wa lugha na wa muziki, na chuo chetu hapa Dessie kimeamua kwamba hakuna atakayehitimu bila kupita mikononi mwangu. Simu wanazijua hadi kero. Ila wakalishe mbele ya kompyuta uone maajabu. Mwaka huu kijana mmoja alikuwa anatelezesha kidole kwenye kioo cha kompyuta, anangoja ukurasa upande. Nikamwambia, "We Belete, hiyo siyo simu yako, shika kipanya." Akakishika, akakiinua juu, akakielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni. Nilitoka nje, nikapigwa na baridi ya mlima Tossa kidogo, ndipo nikarudi kuendelea na somo.

Belete huyo ni wa muziki, anapiga masinko, zeze letu la uzi mmoja, na mdomo wake haulali. Ukimwonyesha jambo mara tatu anasema amelielewa tangu mara ya kwanza, halafu analikosea. Lakini ni mtu wa kujitolea, huwezi kumchukia. Ukisema "nani atanisaidia," mkono wake uko juu kabla hujasema kusaidia nini.

Wubalem ni kinyume chake. Yeye ni wa historia, maneno machache, anaandika kwa kidole kimoja polepole mpaka unatamani umsukume mkono. Lakini akimaliza, hapana kosa. Nilimpenda, ingawa sikumwambia. Wanafunzi ukiwaambia unawapenda wanaanza kuchelewa.

Sasa, tatizo letu na hizi programu za majedwali ni majina. Programu inataka jina la ukoo. Sisi jina la ukoo tulitoe wapi? Mtu ana jina lake, halafu ana jina la baba yake, basi, hadithi imekwisha. Kwa hiyo nawafundisha hivi: safu ya kwanza jina lako, safu ya pili baba yako. Wenyewe wameibatiza safu ya akina baba. "Mwalimu, safu yangu ya akina baba imekuwa nyembamba," mmoja atasema, na darasa zima linaangua kicheko.

Mtihani wa mwisho sitoi maswali. Darasa lenyewe linatengeneza orodha yake kwenye jedwali, linaipanga kwa herufi, na kutoka kwenye orodha hiyo linachapa vyeti. Kisha tunawaalika wazazi humo humo darasani, tunatandaza majani sakafuni, kahawa inakaangwa, bisi zinapita, na kila mmoja anaitwa kwa jina lake na la baba yake. Si mahafali ya chuo, hayo yana majoho na hotuba. Haya ni yetu. Lakini kuna wazee wanaoshuka milimani tangu alfajiri kuja kusikia jina lao likisomwa kwenye karatasi iliyotoka kwenye mashine, na wakishalisikia wanarudi kwao wamenyooka mgongo.

Wiki moja kabla ya sherehe, Wubalem alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akawa anafuta kibodi kwa kitambaa, kibodi ambayo ilikuwa safi.

"Mwalimu, nina ombi. Usinigombeze."

"Ukianza hivyo nitakugombeza. Sema."

"Kwenye safu ya baba nataka kuandika Gizachew."

"Gizachew kinyozi?"

"Ndiye baba yangu."

"Masjala inasema wewe ni Wubalem Mekuria."

"Mekuria alikwenda Addis Ababa kabla sijajua kutembea. Hata sura yake siijui. Nikipishana naye njiani nitampa pole ya safari na kupita."

Gizachew namjua, nani hamjui? Kibanda chake kinatazamana na geti la chuo, na vichwa vya nusu ya wanaume wa hapa vimepita mikononi mwake, mkuu wetu wa idara akiwemo. Alimwoa mama yake Wubalem mtoto akiwa mgongoni. Mama akafariki, Wubalem yuko darasa la tano. Jamaa wakaja kumshauri kinyozi amrudishe mtoto kwa wajomba, kwa kuwa si damu yake. Inasemekana aliwajibu kwamba anayetaka kunyolewa aketi, asiyetaka aende zake, maana wateja wanangoja. Hakuoa tena. Alimsuka mtoto nywele mwenyewe, na kwa kweli alimsuka vibaya, maana kazi yake ni kukata.

"Shuleni wakigawa zawadi," Wubalem akasema, "nikiitwa tu, anaanza kupiga makofi kabla jina halijaisha. Watu wanageuka, wanacheka. Nilidhani ni furaha. Nilipofika darasa la nane ndio nikaelewa. Anapiga mapema ili lile jina la pili lisisikike. Anadhani sijui, Mwalimu. Mpaka leo anadhani sijui."

Mimi si mtu wa kulia mbele ya wanafunzi, kwa hiyo nikafoka. "Cheti hiki kina saini yangu na ya mkuu wa idara. Majina yanafuata masjala. Leo nikuruhusu wewe ubadilishe baba, kesho Belete atajiandika mwana wa mfalme. Hapana."

"Mara moja tu. Asikie jina lake likiitwa mara moja tu."

"Nimesema hapana. Zima mashine uende, ukungu unashuka."

Aliizima mashine kama nilivyowafundisha, kwa utaratibu, akangoja mpaka taa ya mwisho ikazimika. Akasema asante, Mwalimu. Ile asante ilinikera siku nzima.

Kesho yake nikapita mbele ya kibanda cha kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, povu shingoni, na aliponiona akapaza sauti barabara nzima isikie.

"Mwalimu Asnakech! Ingia nikupake hina, mvi zimekuzidi!"

"Jipake ndevu zako kwanza, zinatisha watoto."

Akacheka, mteja naye akacheka, wembe ukamkosa sikio kidogo. Kisha akasogea mlangoni, akashusha sauti. "Hebu niambie, siku hiyo ya vyeti, mimi nikae wapi? Isije nikakalia viti vya wazazi, halafu mwenyewe akatokea."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye jina," alisema. Bado alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa kwenye wembe.

"Hatatokea mtu. Utakaa mbele."

"Aa, mbele kuna wakubwa. Mimi kazi yangu ni makofi tu, hata nyuma nitapiga." Akarudi kwa mteja wake.

Nilikwenda zangu nimemkasirikia Mekuria ambaye sijawahi kumwona, nimeikasirikia masjala, nimejikasirikia na mimi kidogo. Lakini sheria niliiweka mwenyewe, na mwalimu akianza kuvunja sheria zake darasa linamshinda.

Ijumaa jioni Belete alijitolea kuipanga orodha kwa herufi na kuchapa vyeti. Mkono ulikuwa juu kabla sijamaliza kuuliza. Jumamosi asubuhi nikakuta bunda la vyeti mezani, vimenyooka, vinapendeza. Nikaipitia orodha. Majina yote ya watoto yalikuwepo, yamefuatana vizuri. Akina baba nao walikuwepo. Sikuona kasoro, na nitakwambia kwa nini. Kwingine ukiona Seid mwana wa Haile-Mikael utashtuka. Hapa kwetu Wollo nani ashtuke? Msikiti na kanisa wameoana zamani, nusu ya majirani zangu wana majina ya namna hiyo. Nikasema, Belete leo kanitoa kimasomaso.

Walioshtuka ni mapacha. Rukiya na Zemzem walikuwa wamekuja mapema kutandaza majani na kuandaa jiko la kahawa. Rukiya akachungulia vyeti. Nilisikia yowe, nikadhani mtu kaungua.

"Mwalimu! Mimi hapa ni binti wa Shiferaw, na Zemzem ni binti wa Alemu! Sisi tumezaliwa siku moja! Mama yetu anakuja leo, atajieleza vipi?"

"Na baba yetu ni Yimam!" Zemzem akapiga kelele.

Wenzao wakaja mbio kila mmoja anatafuta cheti chake. Ikawa vurugu tupu. Kila mtu alikuwa na baba mpya. Huyu kapewa baba wa rafiki yake, yule kapewa baba wa mtu wasiyesalimiana. Kijana mmoja wa lugha alikipenda cheti chake, kwa sababu kilimpa baba mwenye duka la vitambaa, akauliza kama anaweza kubaki naye.

"Belete!" nikaita.

"Naam, Mwalimu wangu."

"Acha mwalimu wangu. Umefanya nini kwenye jedwali?"

"Nimepanga kwa herufi, kama ulivyosema. Nimechagua safu ya majina. Kompyuta ikaniuliza, nipange na safu za jirani, au hii peke yake? Nikasema hii peke yake, ya nini kuwasumbua majirani?"

"Majirani ndio baba zenu, wewe!"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nilitaka kucheka lakini nilikumbuka wazee walio njiani. Yule bwana alikuwa amepanga watoto peke yao, akina baba wakabaki wamesimama walipokuwa wamesimama.

"Irudishe nyuma," nikasema.

"Nimeihifadhi, Mwalimu. Nikaifunga. Si ulisema tuhifadhi kila mara?"

"Nakala iko wapi? Ile ya kwenye flashi?"

Akakuna kichwa. "Hiyo nayo nimeihifadhi upya. Ulisema nakala ifanane na faili yenyewe."

Siwezi kusema hakunisikiliza. Muhula mzima nimewaimbia hifadhi, hifadhi, tunza nakala, na huyu kijana, siku moja aliyoamua kutii, alitii kila kitu. Masjala ilikuwa imefungwa, karani mwenye ufunguo alikuwa harusini Kombolcha na simu yake haipatikani. Wazazi walikuwa wanatarajiwa saa nane.

Basi nikafanya lililobaki. Nikafuta safu yote ya akina baba, ikawa nyeupe. Nikavuta kiti mbele ya mashine moja, nikasema, "Pangeni foleni. Kila mtu aje akae hapa, aandike jina la baba yake kwa mkono wake, ahakikishe liko kwenye mstari wake, ainuke. Baba yako unamjua wewe, simjui mimi. Na ole wake atakayegusa safu ya jirani."

Wakaja mmoja mmoja. Nilisimama kando nimekunja mikono. Huyu anaandika, anasoma tena kwa sauti ndogo, anatabasamu, anaondoka. Rukiya aliandika Yimam, Zemzem naye akaandika Yimam, kisha akamuuliza dada yake kama ameandika sawasawa. Yule kijana wa lugha akaandika jina la baba yake mkulima, akashusha pumzi, akasema, "Kwaheri vitambaa."

Ikafika zamu ya Wubalem.

Aliketi. Akasogeza kipanya mpaka kwenye mstari wake, akakiacha. Mshale ukawa unapepesa kwenye kile kijumba cheupe. Kidole chake kimoja kilikuwa juu ya kibodi, hakishuki. Akainua uso akanitazama. Hakuomba tena. Alikuwa anangoja tu, jinsi alivyongoja siku ile mashine izimike.

Nikajua kabisa akiandika jina gani litakuwa sahihi kwa masjala. Nikajua pia nimesema nini kwa mdomo wangu dakika chache tu zilizopita, mbele ya darasa zima.

"Unangoja nini?" nikafoka. "Nimesema andika jina la baba yako. Una babako au huna?"

"Ninaye, Mwalimu."

"Basi andika, foleni ndefu."

Akaandika. Kwa kidole kimoja, polepole, na mimi kwa mara ya kwanza sikutamani kumsukuma mkono. Nilikwenda dirishani kuangalia kama wageni wameanza kuingia. Hawakuwa wameanza.

Wakati wa kuchapa, Belete akaja mbio na cheti kimoja mkononi, jasho linamtoka. "Mwalimu, nimeharibu tena! Wubalem alikuwa Mekuria, sasa amekuwa—"

"Belete."

"Naam."

"Hujaharibu. Chapa."

Akanitazama, akakitazama cheti, na nakwambia ule mdomo ulifungika. Alikwenda akachapa. Mkuu wa idara akaja kusaini, akasaini bunda zima bila kusoma hata kimoja, macho yake yote yako kwenye sahani ya bisi.

Saa nane darasa likajaa. Wazee wenye shuka begani wamekaa katikati ya kompyuta, wanaogopa kuzigusa. Mama wa mapacha alishika jiko, moshi wa ubani ukapanda, kikombe cha kwanza kikapita na watu wakalegea. Gizachew alikuwa ameingia akajibanza kwenye kiti cha nyuma kabisa, ukutani, koti limepigwa pasi, ndevu zimekatwa vizuri kuliko siku zote. Nikamwashiria aje mbele. Akakataa kwa mkono, akatabasamu.

Belete ndiye aliyesoma majina. Sauti anayo, hilo sikatai. Kila mtoto aliitwa, na kila akiitwa mzee mmoja mahali fulani alivuta shuka lake vizuri na kutazama kushoto na kulia, aone kama watu wamesikia. Walikuwa wamesikia. Rukiya alipoitwa, Yimam baba yake akasimama na kuinama kama aliyepewa cheti yeye. Moyo wangu ulikuwa mweupe, isipokuwa pale kwenye herufi moja iliyokuwa bado haijafika.

Ikafika.

"Wubalem—" Belete akasema, na makofi yakalipuka kutoka nyuma. Mikono ile ya kinyozi, mikubwa, mikavu. Aliyapiga kwa nguvu zake zote, na jina la pili likazama moja kwa moja. Belete alilisema. Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa na sikulisikia.

Watu wakageuka, wakacheka, wakaanza kumfuata kwa makofi. Wubalem alikuwa amesimama katikati ya majani, hasogei. Alinitazama mimi, na safari hii macho yalikuwa yamejaa.

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Bwana Gizachew!" nikapiga kelele. "Hebu shusha hiyo mikono!"

Hata bisi ziliacha kutafunwa. Mikono ya kinyozi ikabaki hewani.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Ni furaha tu."

"Furaha ingoje zamu yake. Humu darasani kwangu jina linaitwa mpaka liishe. Belete, rudia."

Belete hakutania. Akainyoosha karatasi, akasafisha koo, akalisoma polepole, kila jina peke yake.

"Wubalem. Gizachew."

Kinyozi akageuka kutazama nyuma, amwone huyo Gizachew mwingine ni nani. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Akageuka tena mbele, akamtazama Belete, akanitazama mimi, mwisho akamtazama Wubalem.

Mapacha walipiga vigelegele kwanza. Kisha darasa zima, na wavulana ndio waliozidi, maana hakuna kichwa mle ndani ambacho hakikupita kwenye kiti chake. Watu walipiga makofi mpaka vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Mtu mmoja tu hakupiga. Mikono yake ilikuwa imelala magotini, imefunguka.

Wubalem alichukua cheti, akapita katikati ya wazee mpaka nyuma, akamwekea mapajani. Kinyozi alikisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akarudi mwanzo akakisoma tena.

"Mbona wameniandika mimi?" akauliza.

"Waliuliza baba," Wubalem akasema. "Nikawaambia."

Belete alikuwa ameshika karatasi, Zemzem anangoja zamu yake na mzee Yimam ameshasimama tayari, lakini hakuna aliyeharakisha. Kinyozi akafuta uso kwa kiganja. Akaniinulia macho kutoka kule nyuma, na yule mtu wa kupaza sauti barabara nzima isikie, safari hii niliisikia sauti yake kwa shida.

"Mwalimu, sasa naweza kupiga?"

"Piga," nikamwambia.

Akapiga.